Mjomba, Kioo Kile Huzunguka

Mjomba wangu Shee,

Ungekuwa hai ningekuja mpaka barazani kwako, nikavua viatu, nikakupa shikamoo yako kama kawaida, halafu ningekugombeza mpaka majirani wakatoka nje. Lakini umelala huko Likoni chini ya mchanga, na mimi nimebaki na kalamu. Barua hii naiandika wazi, aisome atakaye, kwa sababu fedheha uliyoniachia haikuwa ya siri. Ilipita mtaa kwa mtaa, ikavuka kivuko, ikafika Kisauni kabla yangu.

Nimekijua kile kioo. Nakwambia mapema usije ukajifanya hujui nataka kusema nini.

Baba alipokwenda Arabuni akanyamaza, wewe ndiye uliyenichukua. Hilo silikatai na sitalikataa hata leo nilivyokasirika. Studio yako ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na ukutani pazia ulilolichora mnazi ambao kila mteja aliuliza kama ni mgomba. Nyuma kulikuwa na stoo isiyo na dirisha uliyoigeuza chumba cha giza. Mle ndani ulinifundisha kuizungusha filamu kwenye gurudumu lake kwa vidole tu, bila kuona kitu, nawe umekaa nje ya mlango unanisimulia visa vya ujana wako nisiogope. Nikikosea ulikuwa ukicheka, hukugomba. "Polepole, Tima. Filamu haina miguu, haitakukimbia." Nilikuwa msichana mdogo na nilidhani hakuna mtu duniani ajuaye mambo kama wewe.

Tena ulikuwa na akili ya biashara. Uliona kwamba harusi za kwetu uzuri wake wote uko upande ambao mwanamume haingii. Siku ya kupamba mabibi huvua mabuibui, wakatoa dhahabu na nguo ambazo waume zao wenyewe hawajaziona, na bibi harusi huwekwa pale juu atazamwe na wanawake wenzake. Wote walitaka picha, ila kwa sharti moja ambalo hawakulilegeza: apige mwanamke, asafishe mwanamke, achape mwanamke. Likoni nzima mwanamke huyo nilikuwa mimi. Hata wewe ulilishika sharti hilo kwa heshima. Nikiwa chumbani nasafisha filamu za kupamba, ulikuwa ukikohoa uani kabla hujapita, na hukuzitia jicho hata mara moja. Wallahi, nilikuwa nikijivunia mjomba kama wewe.

Basi ikaja harusi ya Riziki.

Riziki unamjua, mtoto wa jirani aliyekuwa akishinda kwako pamoja nami. Tulikaa mkeka mmoja chuoni, tukavaa doti moja ya leso, yeye kipande kimoja na mimi cha pili, na mamake, Bi. Mwanakombo, akinilisha kama wanawe. Wiki ya harusi yake ulirudi kutoka Changamwe umeshika kitu ndani ya kitambaa. Ulikinunua kwa mtu aliyekuwa akitandaza chini vitu vilivyoachwa na mabaharia: redio, viatu, saa zisizo na mikanda. Kilikuwa kioo cha duara cha kufungwa mbele ya lenzi, na ukingo wake mweusi haukuwa na jina la kiwanda, wala namba, wala nchi.

Kwa kuwa hakikuwa na jina, ukakipa wewe. "Mjarumani huyu," ukasema. "Kioo cha kulinda lenzi. Yule mtu hakujua anauza nini." Jioni ile kila aliyepita barazani alionyeshwa. Muuza kahawa alionyeshwa. Imamu alionyeshwa, maskini, akawa anatikisa kichwa kama aliyeelewa.

Mimi nilikifunga kwenye kamera nikachungulia.

"Mjomba, mbona humu mna kiza kidogo?"

"Si kiza. Kinakata mng'aro. Mambo ya Ulaya hayo, mato yako hayajazoea."

"Na mbona kinazunguka? Nishakikaza, lakini huu ukingo wa mbele wenda tu."

"Kimechakaa. Cha mtumba hicho, wataka kikae kama kipya?"

Ukachukua selotepu ukaubandika ule ukingo usizunguke tena. Ukaniambia nisikitoe kwa hali yoyote, kwani huko ndani mna moshi wa udi, mna marashi ya halud, mna mikono ya watoto iliyojaa mafuta ya sambusa, na lenzi ikiharibika huna nyingine. Nikasema abee, Mjomba. Ndivyo ulivyonilea, nikuulize mara mbili kisha niseme abee.

Tukajaribu kupiga nje, mchana, picha za kuku na za mlango wa jirani. Zikatoka safi. Zilitoka safi kwa sababu nje, kwenye jua, mashine ile ilikuwa ikiupima mwanga kupitia kioo hichohicho, kwa hivyo ilijirekebisha yenyewe. Flashi haipimi hivyo. Flashi hutoa mwanga wake, na mimi hufungua lenzi kwa hesabu ya umbali niliyoizoea miaka yote. Hesabu ile haikujua kwamba mbele pana kioo kinachomeza zaidi ya nusu ya mwanga. Leo nayajua haya. Siku ile hatukuyajua, wewe wala mimi, na kwa hilo sikulaumu. Kila mtu hukosea. Tafadhali lishike hilo, kwa sababu sitaki mtu aseme nimekununia kwa ajili ya kosa la kioo.

Kupamba kwa Riziki kulikuwa kwa kufana. Madirisha yalizibwa kwa leso ili vijana wasichungulie, ukumbi ukawa kiza na joto na harufu ya asumini mpaka kichwa kinauma. Riziki aliletwa amefunikwa, akafunuliwa, na vigelegele vikalia hata nikasahau kubonyeza. Bi. Mwanakombo alikaa karibu yake, bila buibui, amevaa dhahabu ya marehemu mamake. Alinivuta mkono. "Tima mwanangu, nipige na mwanangu vizuri. Sina picha yangu hata moja niliyocheka." Nikampiga anacheka. Nilimaliza filamu zote nikatoka na jasho na furaha, nikijua nimebeba amana ya wanawake wa mtaa mzima ndani ya mkoba.

Nilipozisafisha, nilidhani dawa imeharibika. Filamu zilikuwa nyeupe, zimefifia, karibu hazina kitu. Nilichapa nilivyoweza, nikabadilisha karatasi, nikachapa tena. Kilichotoka ni kiza chenye mng'aro wa dhahabu hapa na pale, weupe wa macho, na mstari wa meno ya Bi. Mwanakombo. Nyuso hazikuwapo.

Nikazipeleka. Ningefanya nini? Nilizipeleka mwenyewe kwa mikono miwili.

Bi. Mwanakombo alizipitia moja moja, kisha akazirudia. Alikuwa mtulivu, na mpaka leo namna alivyokuwa mtulivu hunitisha. "Hizi si zenyewe, Tima. Za mwanangu zi wapi?"

"Ndizo hizo, Bi. Wallahi ndizo. Sijui kilichotokea."

"Umetupiga picha mara ngapi wewe? Harusi ngapi? Hazijatoka kiza hata siku moja. Leo ya Riziki ndiyo itoke kiza?" Akazifunga ndani ya bahasha akanirudishia. "Zile nzuri umempa nani? Ni mwanamume gani anamtazama mwanangu saa hii?"

Hapo ndipo nilipoelewa, Mjomba, ule mtego tulioutega wenyewe. Sharti lililotupa kazi ndilo lililoninyonga. Hakuna mtu mwingine aliyeziona filamu zile, hakuna aliyesimama nami chumbani, hakuna wa kusema kwamba tangu mwanzo zilitoka vile. Picha za kiza zikawa ushahidi kwamba za mwanga nimeziuza. Bi. Mwanakombo aliniambia maneno mbele ya dada zake: "Siwi radhi nawe, Tima. Hapa wala kesho mbele ya Mungu." Siku ya pili Riziki alimtuma mtu kuniletea kipande chake cha leso.

Wajua yaliyofuata, uliyaona kwa macho. Hakuna mlango ulionifungulia tena siku ya kupamba. Wanawake wakawa wakiniona sokoni wanavuta buibui usoni, kana kwamba macho yangu yenyewe ni kamera. Posa iliyokuwa ikizungumzwa ikaacha kuzungumzwa. Nikabaki kupiga picha za vitambulisho mbele ya ule mnazi wako, wanaume wenye mashati yaliyofungwa kifungo cha juu, mmoja baada ya mwingine, miaka nenda miaka rudi. Nilipoolewa hatimaye, na mtu mwema wa Mtongwe, hakuna aliyepiga picha. Sikutaka kuiona kamera siku ile.

Nawe ulinifariji. Naikumbuka vizuri sana faraja yako. Ilikuwa wiki ileile niliyorudishiwa leso, niko jikoni nalia juu ya vitunguu ili nipate kisingizio. Ukaja ukakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. "Subiri, mwanangu. Watu husahau." Kisha, kana kwamba umekumbuka jambo dogo, ukasema, "Niazime ile rangi yako ya kucha."

"Ya nini, Mjomba? Wataka kupaka?"

"Nimepata mchumba, napaka."

Nikacheka. Mjomba, nilicheka! Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu siku ile, na nikakupenda zaidi kwa kunichekesha. Nikakupa kichupa changu cha zambarau, kile ambacho shangazi aliniletea kutoka Jeddah, rangi ambayo Likoni nzima hapakuwa na mwingine aliyekuwa nayo isipokuwa mimi na Riziki niliyegawana naye. Ukakirudisha kesho yake. Sikuuliza tena.

Muda si mrefu ukaanza kupiga picha za pwani za kuuzwa mahotelini, na watu wote wakashangaa. Mbingu zako zilikuwa za buluu nzito, maji yako yalionyesha mpaka mawe ya chini. Wenzako walikuuliza siri ukawaambia ni jicho. Ukapata jina. Ukabadilisha bati la nyumba. Mimi nilikuwa nikikupikia, nikikusikia barazani ukisema ni jicho, na nikiamini.

Halafu ukaugua, na ugonjwa wako haukuwa wa haraka. Nilivuka kutoka kwangu Kisauni kila asubuhi kukutilia uji mdomoni. Tulizungumza yote. Uliniomba radhi, unakumbuka? Uliniomba radhi kwa kuku wangu wa madoa uliyemchinja nikiwa msichana bila kuniuliza, kwa kuwa wageni walikuja ghafla. Ulikuwa na machozi machoni kwa ajili ya kuku yule. Nikakufuta uso nikakwambia nimeshasahau. Ulimkumbuka kuku, Mjomba! Ulikuwa na asubuhi zote zile, mimi na wewe na bakuli, na ukamkumbuka kuku.

Siku ya kukuzika, kabla jeneza halijatoka, mwanao alisimama mlangoni akasema kama isemwavyo: aliyedhulumiwa na marehemu aseme, na asiye na la kusema amsamehe. Wanaume nje wakaitikia. Sisi wanawake ndani tukaitikia. Sauti yangu ilikuwa juu kuliko zote, waulize waliokuwapo. Nimemsamehe, nimemsamehe, nimemsamehe. Sikujua ninasamehe nini.

Kamera aliichukua mwanao. Mimi nikapewa mkoba wako mtupu kuwa kumbukumbu, na mfukoni mwa pembeni nikakikuta kile kioo. Nilikilaani kidogo, kwa mazoea, kwa sababu kilinikumbusha siku ile. Kisha nikakaa nacho mlangoni, nikakisugua kwa pindo la leso, nikachungulia tu kama mtoto. Nikaitazama saa yangu ya mkononi, hizi za tarakimu zinazoandika zenyewe. Tarakimu zilikuwapo. Nikakigeuza kidogo mkononi, na tarakimu zikazimika. Uso wa saa ukawa mweusi tii. Nikadhani betri imekwisha. Nikakizungusha tena, zikarudi.

Nilikaa pale nikizizima na kuziwasha. Kulikuwa na beseni la maji uani, jua linawaka juu yake hata hulitazami. Nikalitazama kupitia kioo nikakizungusha, na ule mwako ukaondoka, nikaona kijiko kilichozama chini. Nikainua macho mbinguni, nikazungusha, buluu ikaiva mbele yangu. Buluu yako, Mjomba. Ile ya mahotelini.

Nilikuwa nimewahi kuwasikia wapiga picha wa mjini wakikitaja kioo cha namna hiyo, cha kuzungusha ukakata mwako wa maji, na kwamba ndani ya nyumba hukitoa usipotaka kupiga kiza. Sikujua kwamba nimewahi kukishika. Haikuwa kazi yake kulinda kitu. Na hakikuwa kimechakaa. Kilikuwa kinafanya kazi yake, wewe ukakibandika selotepu.

Hapo hasira ilikuwa bado haijafika. Hapo nilikuwa nacheka peke yangu kwa uchungu, nikisema maskini sisi, tulikuwa hatujui. Nilikuwa nishaanza kukutetea. Kisha nikaona ukingoni, juu ya gundi kavu ya ile selotepu, pana nukta. Nukta ndogo uliyoitia kwa uangalifu, alama ya kukuonyesha pa kusimamisha ukingo mbingu zikiiva. Nikaikwangua kwa ukucha. Ilikuwa rangi ya zambarau.

Ulijua. Ulijua wiki ileile. Ulikaa kwenye kibao cha mbuzi ukaniambia nisubiri, na mkononi ulikuwa tayari na jibu ambalo lingenisafisha mbele ya wanawake wote wa Likoni. Ungesema neno moja tu mlangoni kwa Bi. Mwanakombo, hata bila kuingia ndani: Bi, kosa ni langu, kioo nilichompa mtoto sikukijua. Ungekuwa umeaibika jioni moja. Muuza kahawa angekucheka, imamu angetabasamu, na wiki ya pili wangepata mwingine wa kumcheka. Ukaona heri mimi nivutiwe buibui usoni maisha yangu yote kuliko wewe kuchekwa barazani. Ukaniazima rangi yangu mwenyewe.

Nilikizungushia kipande cha leso cha Riziki nikaenda Mtopanga, ambako Riziki anakaa sasa. Alinikaribisha kwa adabu, akaniwekea maji, akakaa mbali. Bi. Mwanakombo alikufa kabla yako, nadhani unakumbuka, na sikuthubutu kwenda kwenye matanga. Sikumweleza Riziki kitu. Nilimvulia saa nikampa, nikampa na kioo.

"Zungusha."

Akazungusha. "Zimepotea."

"Zungusha tena."

"Zimerudi. Ni nini hiki, Tima?"

Nikamweleza ni nini. Nikamweleza kilikuwa wapi siku ya kupambwa kwake. Alisikiliza huku akikizungusha, akazima saa, akaiwasha. Halafu kidole chake kikasimama juu ya nukta. Hakuhitaji kuelezwa. Rangi ile tulikuwa tukipaka pamoja, siku ambazo hatuswali, tumejificha nyuma ya nyumba yao.

"Kumbe Mjomba Shee alijua," akasema.

Akalia, nami nikalia, lakini usidhani yaliisha vizuri kama unavyopenda wewe mambo yaishe. Alipofuta uso alinishika mkono akaniambia, "Mimi nakuwia radhi, Tima, na wewe uniwie. Lakini ile ya mama siwezi kukupa. Amekwenda nayo." Ndiyo hivyo. Mwanamke aliyenilisha kama mwanawe yuko mbele ya Mungu na neno lile juu yangu, na hana hata picha moja anayocheka.

Mdogo wa mwisho wa Riziki anaolewa baada ya mfungo. Riziki ameniomba nije na kamera, na amesema atasimama mwenyewe mlangoni kuwaeleza mabibi kabla sijaingia. Nimekubali. Nitapiga na lenzi wazi, iingie udi, iingie mafuta ya sambusa, sijali.

Nilimwendea maalimu nikamuuliza kama msamaha uliotolewa bila kujua waweza kurudishwa. Akasema kusamehe ni bora. Nikamwambia sikuuliza kilicho bora. Nikachukua viatu vyangu.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na nautangaza mbele ya watu kama nilivyotangaza ule wa kwanza. Kosa la kioo nimekusamehe. Selotepu nimekusamehe. Kuku wa madoa nimekusamehe, na nakushukuru kwa chumba cha giza na visa vya mlangoni, na nakuombea kila baada ya swala kwa sababu siwezi kuacha. Lakini kichupa cha zambarau bado. Labda msamaha wake utakuja siku moja, nikiwa ndani ya ukumbi nimezungukwa na wanawake wasioficha nyuso zao kwangu. Labda hautakuja. Siwezi kukuahidi.

Uliniambia nisubiri, watu husahau. Haya, Mjomba. Subiri na wewe.

Mpwao,
Tima